Ncha ya Mti wa Kupandia

Kama palikuwa na mtu Mbulumbulu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheza, ni Leonida, mke wa Sylvesta. Wanawake wa kigango walimchagua kuwa kiongozi wao mara tatu mfululizo, na sababu haikuwa mapenzi. Walimwogopa, na kigango kinachomwogopa mtu mmoja hufika kanisani kwa wakati. Akikohoa, waimbaji walizirekebisha sauti zao. Akimtazama mtoto anayecheka wakati wa mahubiri, mtoto yule alikumbuka hata dhambi ambazo hajazitenda. Mwenyewe hakuona ubaya wowote katika hilo. Alizaliwa wa kwanza kati ya watoto tisa, na binti wa kwanza huanza kulea kabla hajamaliza kulelewa. Michezo aliwaachia wadogo zake, akashika mwiko na jembe, na miaka arobaini na sita ikapita hivyo.

Lakini kulikuwa na ukungu.

Wakati wa masika ukungu wa Mbulumbulu hushuka kutoka msituni, kule juu ambako ardhi inapanda kuelekea ukingo wa Ngorongoro. Huja bila haraka. Humeza kwanza miti, halafu uzio, halafu mahindi, halafu nyumba ya jirani, mwisho jirani mwenyewe. Unabaki wewe na hatua kumi za udongo wako. Sauti zinakujia bila wenyewe: jogoo anawika pasipo nyumba, kengele inalia pasipo ng'ombe. Mtu akikaa humo saa nzima anaweza kudhani bado hajazaliwa, au amekwisha kufa na hakuna aliyekumbuka kumpa taarifa. Leonida alikuwa akiuchukia ukungu ule kwa sababu ulichelewesha nguo kukauka. Kisha, mwaka wa sabini na saba, akaupenda.

Ulikuwa mwaka ule mpaka wa Kenya ulipofungwa, magari ya watalii yakapungua barabarani hata watoto wa Karatu wakaacha kuyapungia mikono. Mwezi Machi, katikati ya Kwaresima, Leonida alikuwa akipanda maharage kati ya mistari ya mahindi. Shamba lao lilikuwa la mwisho kabla ya msitu. Ng'ambo ya uzio palikuwa na nyani, nguruwe mwitu, na siku mbaya nyati, na wote hao waliliona shamba la Sylvesta kuwa ni lao pia. Aliyewaambia vingine alikuwa Doria, mbwa jike wa rangi ya majivu, sikio moja limesimama na lingine limelala. Bila Doria wasingevuna hata debe moja, na kila mtu alijua hivyo, nyani wakiwa wa kwanza.

Leonida alipandia mti wa mama mkwe wake. Ulikuwa wa mzeituni mwitu, urefu wake mkono mmoja, ncha imechongwa na kukaushwa motoni, kishikio kimelainishwa na viganja vya wanawake wawili. Unatoboa, unadondosha mbegu mbili, unafukia kwa unyayo, unasogea. Marehemu mama mkwe aliuheshimu mti ule kuliko baadhi ya wakwe zake. Kabla ya kupanda aliuinua kuelekea jua na kumwomba Looa, ambaye kwa Wairaqw ni jua na ni Mungu, asiichelewe mbegu. Tena alikuwa na mwiko mmoja: mti wa kupandia haulazwi chini mpaka maharage yaote. Ukipumzika, uchomeke usimame, maana mti uliolala hulaza na mbegu. Leonida alikuwa Mkatoliki wa kuhesabika, mambo ya kuinua miti juani aliyaacha. Lakini ule mwiko aliushika. Alisema ni mazoea tu, na mtu akisema ni mazoea tu, jua anaamini.

Asubuhi ya kwanza ilitokea kwa hasira. Nyani mmoja alijitokeza ndani ya ukungu, akachimbua mbegu mbili mbele ya macho yake, akazitia kinywani akimtazama. Leonida akamrushia kilichokuwa mkononi. Mti ukaruka, ukachomeka udongoni wima, nyani akatoweka. Kabla hajapiga hatua, Doria alikuwa ameuchomoa na kumletea, mkia unapiga huku na huku, uso wote unauliza: tena?

Leonida akatazama kulia. Ukungu. Akatazama kushoto. Ukungu. Akaurusha tena, ncha mbele, kwa uangalifu, ili usimame. Alijiambia kwamba maadamu mti unasimama na haulali, mwiko haujavunjwa. Ukasikika mlio mdogo wa ncha kuingia udongoni, Doria akaenda mbio akapotea, kisha akarudi kutoka katika weupe ule na mti mdomoni. Mara ya nne Leonida alisikia mtu akicheka karibu naye, akageuka kwa ukali kumtafuta. Hapakuwa na mtu. Aliyecheka alikuwa ni yeye.

Basi ikawa kila asubuhi ya ukungu. Alipanda mistari mitatu kwa haraka ili apate muda. Alibuni na wimbo, wimbo wenyewe wa kipuuzi, "Dori-dori-doria, lete mti, lete mvua," akiinama, mikono magotini, akitikisa mabega, na mbwa naye akiinamisha kifua chini na kuinua makalio juu. Ungemwona ungelia kwa furaha au ungekimbilia kwa padre. Alijihisi mwepesi, kama mtu aliyeshushiwa kuni mgongoni. Wakati mwingine alisimama tu katikati ya ule weupe, mbwa akihema miguuni pake, asijue ni saa ngapi wala ana umri gani, na hakutaka kujua. Jua likipenya na uzio ukianza kuonekana, alijifunga kitenge vizuri, akaukunja uso wake mahali pake pa kawaida, akaendelea kupanda.

Siku ya Ijumaa ya wiki ya tatu, Doria hakungoja. Siku zote alisubiri mti uchomeke ndipo akimbie. Safari hii alitangulia, akaingia ukunguni kabla ya mti, akageuka huko huko aupokee. Leonida aliona kivuli chake kinaruka juu, kinywa wazi, na mti unakwenda ncha mbele, kama alivyozoea kuurusha ili usimame. Hakusikia ule mlio wa udongo. Alisikia sauti moja kali, fupi, halafu kimya.

Alipofika, Doria alikuwa ameshautikisa mti na kuutupa. Damu ilikuwa kidogo, mistari miwili kwenye ulimi. Leonida akapiga magoti kwenye tope, akampanua kinywa, akachungulia. Nyuma kabisa, ubavuni mwa shina la ulimi, palikuwa na mchaniko mdogo usiozidi ukucha. Hakuona kingine. Doria akamlamba mkono, akatikisa mkia, akautazama mti kana kwamba anataka waendelee. Leonida alicheka na kulia kwa pamoja.

Ndipo akauokota mti, akaona ncha haipo. Kipande cha urefu wa kidole kilikuwa kimekatika. Akatafuta kwenye udongo kwa vidole, akafukua tuta zima na mbegu alizopanda mwenyewe. Hakukiona. "Kimezama," akajiambia. Kipande cha mti shambani, utakitafuta mpaka lini? Akarudi nyumbani, akauchonga mti ncha mpya kwa panga, akaikausha kwenye moto wa jikoni kabla Sylvesta hajarudi kutoka kwa fundi wa majembe. Akauchomeka mahali pake nyuma ya mlango. Ukitaka kujua mtu mzima anavyoogopa kuchekwa, mtazame anavyochonga.

Jioni Sylvesta, mtu wa maneno machache, aliushika mti ule akauzungusha mkononi.

"Mti wa mama umepungua," alisema.

"Ulikuwa butu," Leonida alijibu, akaendelea kusonga ugali.

Siku kumi zikapita. Doria alikula, alibweka, alifukuza nyani. Ule mchaniko ulijifunga wenyewe, na Leonida, aliyekuwa akimchungulia kinywani kila siku akijifanya anamtafutia kupe, alimshukuru Mungu na kuapa hatacheza tena. Jumamosi alikwenda kuungama. Alitaja hasira zake, alitaja kumsema vibaya jirani yake Germana, alitaja hata kusinzia wakati wa rozari. Mbwa na mti hakuvitaja. Alijiuliza angesema ni dhambi gani, na hakupata jina lake.

Laiti angejua namna jeraha la mti lilivyo! Jeraha la panga unaliona mpaka mwisho wake. La mti hufunga mlango mgeni akiwa bado ndani. Juu nyama imekutana, imekuwa safi, unafurahi. Chini kibanzi kinaoza, kinatengeneza usaha, kinatembea polepole kwenye nyama laini ya koo. Mambo haya Leonida hakuyajua, wala mtu yeyote pale hakuyajua. Mbwa kuokota vijiti walikuona ni jambo la kawaida kama kuku kuparua.

Siku ya kumi na moja Doria aliacha kubweka. Alifungua mdomo kuwabwekea nyani, ikatoka sauti nyembamba ya mlango mbovu. Siku ya kumi na mbili alikataa ugali. Siku ya kumi na tatu akajificha chini ya kihenge cha mahindi, shingo ameinyoosha, udenda mzito ukimtoka pembeni mwa mdomo na kuning'inia. Leonida aliuona ule udenda. Alijua. Naapa kwamba alijua wakati ule ule, lakini kujua na kukubali ni nyumba mbili, na kati yake pana korongo.

Sasa, wiki ile ile Ngoitiko, Mmaasai wa Nainokanoka aliyezoea kushuka kununua mahindi, alikuwa ameleta habari mbaya. Bweha mwenye kichaa aliingia bomani kwao mchana kweupe, akauma ndama wawili na mbwa mmoja. Habari hiyo ilizunguka Mbulumbulu nzima kabla mahindi yake hayajapimwa. Kwa hiyo Germana alipokuja asubuhi kuazima ungo, akamwona Doria chini ya kihenge na ule udenda, hakuuliza swali. Aliuacha ungo, akainua kitenge chake, akaenda moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi.

Usiku ule Leonida hakulala vizuri, ila alfajiri usingizi ulimchukua na kumpeleka mbali. Aliota yuko chini kabisa ndani ya Kreta ya Ngorongoro, peke yake, anapanda maharage kwenye ule uwanda mpana wa majani. Nyumbu walisimama pembeni kwa mistari, kimya, kama waumini wanaongoja komunyo. Kila alipotoboa udongo, lile tundu lilikuwa kinywa, na kila kinywa kilisema "aa," kwa upole, bila kulalamika. Alitaka kuvifukia kwa unyayo akashindwa. Aliamka, na nje ukungu umefika mlangoni.

Balozi Bartolomeo alikuja saa mbili. Alikuwa mzee wa haki, mwenye koti la mvua la kijani na pumzi fupi, na alibeba bakuli la bati lenye maji. Nyuma yake walikuja Germana na majirani watano au sita.

"Saita, Mama Paskali," alimsalimia Leonida kwa Kiiraqw, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Saita, Mzee. Karibuni."

"Hatujaja kwa ubaya. Mbwa mwenye kichaa huogopa maji, hata wewe unajua. Tutamwekea. Akinywa, tutakunywa chai twende zetu. Asipokunywa," akasafisha koo, "kuna watoto hapa."

Sylvesta akamfunga Doria kamba, akamtoa chini ya kihenge, akamfunga kwenye nguzo ya uzio. Bakuli likasukumwa mbele yake kwa mpini wa jembe. Doria alikuwa na kiu ya siku mbili. Aliyaendea maji yale kwa haja yote ya mwili wake, akatia ulimi, akameza; na hapo koo likambana, akarushwa nyuma na maumivu, akalia ile sauti ya mlango mbovu, mate yakaruka. Akakaa mbali na bakuli akitetemeka, anayatazama maji.

Watu wote wakarudi nyuma hatua moja. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba.

"Basi," alisema Balozi kwa huzuni. "Amekataa. Mwiteni Qamara."

Qamara aliishi ng'ambo ya korongo, na ndiye aliyekuwa na gobore lenye kibali. Nguruwe mwitu walipozidi aliitwa yeye, na mbwa walipopata kichaa aliitwa yeye pia. Kwenda na kurudi ni mwendo wa saa tatu. Balozi akawaamuru wote wakae mbali na uzio, akaketi kwenye gogo kumngoja.

Saa tatu hizo Leonida alizitumia kupalilia maharage yasiyohitaji kupaliliwa. Majani yake mawili mawili ya kwanza yalikuwa yametoka, mazuri, yenye umande. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni. Alijaribu kuyasema kwa sauti kule ukunguni, peke yake, ayazoee: nilikuwa nacheza. Nilikuwa nacheza na mbwa. Mimi, Leonida, kiongozi wa akina mama, wakati wa Kwaresima, kwa mti wa marehemu. Alisikia Germana akicheka, ingawa Germana hakuwapo. Alisikia kigango kizima kikicheka, watoto aliowatia adabu kwa miaka ishirini wakicheka kuliko wote, na wimbo wake wa "lete mti, lete mvua" ukiimbwa kisimani. Aliona bora ardhi ipasuke immeze. Halafu upepo ukaleta ile sauti nyembamba kutoka kwenye nguzo, na aliona haya nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza.

Sylvesta alimfuata huko huko mistarini.

"Mama Paskali, kama una neno, liseme mapema."

"Sina neno, Baba Paskali."

Sylvesta alingoja kidogo, akageuka, ukungu ukamfunika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu alikuwa akificha mchezo, na kifo kilikuwa kinavuka korongo na gobore begani.

Qamara alifika karibu na saa sita. Ukungu ulikuwa haujaondoka, umeinuka tu ukaning'inia juu ya vichwa vya watu. Alikuwa mzee mrefu, mwenye mvi, asiyependa mazungumzo. Hakusalimia zaidi ya kuinua mkono. Aliweka baruti, akashindilia, akaangalia upepo unatoka wapi, akapima hatua ishirini kutoka kwenye nguzo na kupiga goti moja.

Leonida alikuwa amesimama na wenzake. Hakukumbuka baadaye namna alivyoondoka pale. Anachokumbuka ni kwamba kulikuwa na nyasi zilizolowa miguuni pake na kwamba gobore lilikuwa likimtazama yeye.

"Mama Paskali, ondoka hapo!" Balozi alipiga kelele.

"Hana kichaa," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Hana kichaa. Ana mti kooni. Ni mimi niliyemrushia. Tulikuwa tunacheza."

Balozi alivuta pumzi mbili tatu.

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunacheza. Namrushia mti wa kupandia, anauleta. Siku kumi na tatu zilizopita aliudaka hewani, ncha ikakatika. Sikuiona udongoni. Nikachonga nyingine."

Ungedhani wangemwamini. Hawakumwamini hata kidogo! Germana alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Maskini, anampenda mbwa wake," alisema. "Atasema lolote." Na Balozi naye akasema kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa, "Mama Paskali, wewe tunakujua. Wewe hujapata kucheza tangu tukujue. Uje ucheze na mbwa, tena kwa mti wa mama mkwe wako? Usibebe dhambi ya uongo kwa ajili ya mnyama. Ondoka hapo, mama."

Miaka ishirini ya kukunja uso ilikuwa imekuja kumdai. Leonida aliwatazama wote, mmoja mmoja, akaona kwamba pamebaki njia moja tu. Akamgeukia Doria. Akainama, akaweka mikono magotini. Na pale mbele ya balozi, mbele ya Germana, mbele ya mume wake, akaanza kutikisa mabega na kuimba, machozi yakimshuka:

"Dori-dori-doria, lete mti, lete mvua."

Doria, aliyekuwa amelala ubavu, alisimamisha lile sikio moja. Akajikokota, akainamisha kifua chini kwenye nyasi. Makalio yakainuka, yakitetemeka kwa udhaifu, na mkia ukapiga, mara moja, mara mbili. Udenda ulimchuruzika, naye alikuwa akicheza.

Leonida alitarajia kicheko. Alikuwa amekaza mgongo kukipokea. Hakuna aliyecheka.

"Mkia hauthibitishi kitu," alisema Balozi, lakini sauti yake ilikuwa imepungua nguvu.

"Basi nipeni kitambaa," alisema Leonida.

Ni Sylvesta aliyeelewa kabla ya wengine. Hakumkataza. Alivua shati lake, akaja, akapiga magoti kando ya mke wake, akamkumbatia mbwa shingoni kwa mkono mmoja na kwa mwingine akapanua taya. Leonida akauzungushia mkono wake lile shati mpaka vidoleni, akaacha vidole viwili. Alijua vizuri analofanya. Kama amekosea, kama bweha wa Nainokanoka alipita hapa na kile kipande kimezama tu udongoni, basi mate yale ni kifo chake, kifo cha kufungwa kamba na kuogopa maji. Roho ilikuwa mkononi kweli kweli. Akaingiza vidole.

Joto, utelezi, harufu ya kitu kilichooza. Doria alinguruma lakini hakuuma. Nyuma ya shina la ulimi, pale palipokuwa na ule mchaniko, palikuwa na uvimbe mkubwa kama yai la kuku, na kati ya uvimbe, chini ya ngozi laini, kitu kigumu. Alikibonyeza kwa ukucha. Uvimbe ukapasuka, usaha ukamwagika kwenye shati la Sylvesta, akashika ncha inayoteleza, ikamponyoka, akaishika tena, akavuta.

Kilikuwa kipande cha mzeituni mwitu, urefu wa kidole, kimelowa na kuwa cheusi. Leonida alikiinua ili wote wakione. Kwamba baadaye bwana mifugo Melkizedek alimkaripia mbele za watu, akamwambia ushahidi wa kipande cha mti ni mzuri lakini kichaa hakina mzaha, akampandisha gari hadi Karatu kuchomwa sindano kumi na nne za tumboni, hayo ni ya baadaye, na alizichomwa bila kulalamika. Wakati ule alikaa tu kwenye nyasi, mbwa mapajani.

Germana ndiye aliyelisogeza lile bakuli, kwa mkono wake, si kwa mpini. Doria aliyanusa maji. Akatia ulimi, akangoja maumivu, akatia tena. Akanywa kidogo kidogo, akipumzika, akinywa, mpaka bati likaonekana. Watu walimtazama kama watu wanavyotazama mvua. Balozi alivua kofia yake, akaivaa tena. Mmoja akaanza kusema kwamba wajukuu wake nao humrushia mbwa vijiti kila siku, akakatiza, akaondoka upesi kuelekea kwake.

Qamara alikuwa bado amepiga goti kule hatua ishirini. Aliinuka polepole, akaliegemeza gobore kwenye uzio, akaja. Alimwomba Leonida kile kipande, akakifuta kwa kidole gumba, akakigeuza.

"Mama Paskali," alisema, "mate yake yalianza siku ya ngapi?"

"Ya kumi na tatu, Mzee."

"Na sauti iliharibika kwanza."

"Ndiyo. Kwanza sauti."

"Na maji aliyataka." Hakuwa anauliza. "Aliyafuata maji, ndipo akaruka."

"Ndiyo, Mzee."

Qamara alitikisa kichwa mara kadhaa. Alichuchumaa, magoti yakalia, akanyoosha mkono, akamshika Doria kichwani kwa uangalifu, pale kati ya masikio. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka tena, na watu waliokuwa mbali kidogo walishafifia.

"Wangu nilimpiga risasi mwaka juzi, mwenyewe, nyuma ya nyumba, kwa udenda kama huu," alisema. "Alipenda sana kubeba vijiti. Aliitwa Tarimbo."

Leonida akamsogezea mbwa karibu.